Tumbo Lililopewa Jina la Tunda

Wahenga walisema jina jema hung'aa gizani. Lakini yapo majina yanayoficha badala ya kuangaza.

Mwaka 1839 tabibu Frölich alieleza habari za mtoto aliyezaliwa na upungufu wa misuli ya tumbo. Mwaka 1895 Parker aliihusisha kasoro hiyo na njia ya mkojo. Mwaka 1901 William Osler, aliyekuwa Johns Hopkins mjini Baltimore, naye akaandika juu yake. Ngozi ya tumbo, kwa kukosa misuli ya kuishikilia, ilikunjamana kama plamu iliyokaushwa, na jina la tunda hilo likaganda.

Ndipo mwaka 1950 Eagle na Barrett walipochapisha habari za wagonjwa 9, wakayafunga pamoja mambo matatu: misuli pungufu, njia ya mkojo iliyotanuka, na korodani zisizoshuka. Wengi wa wagonjwa ni wavulana.

Jina la tunda hulivuta jicho kwenye ngozi, na hatari imo ndani. Mkojo ukituama, huleta maambukizi, na figo huharibika polepole. Leo wapo wanaotengenezewa njia ya mkojo, wapo wanaopandikizwa figo, na wapo wanaofikia utu uzima.

Mzazi aliyeambiwa kwamba tumbo la mwanawe ni kama tunda kavu amesikia nusu ya habari, tena nusu inayoumiza. Nusu ya pili, ile ya kuzilinda figo mapema, ndiyo inayookoa. Tuanze na hiyo.