Om Puri, Mhindi wa ile filamu ya simba wa Tsavo

Hapa Kware, upande wa Pipeline, filamu haiitwi kwa jina lake. Ni "ile ya simba", "ile ya treni", "ile ya jamaa wa kisu". Kwenye ukumbi wa video watu huuliza mambo mawili tu: steringi ni nani, na adui ni nani. Wengine wote wapo wa kufa. Ndiyo maana nilifurahi juzi kijana mmoja wa hapa mtaani, fundi wa simu, aliponiuliza swali la tatu: yule Mhindi mwenye sauti nzito na uso wa mashimo-mashimo anayebishana na Mzungu katika filamu ya simba ni nani? Mbona anamwona kila mahali na hajui jina lake?

Anaitwa Om Puri. Nimeona nimwandikie kijana huyo jibu hapa, maana kisa cha simba wale kilikuwa cha watu wa Pwani na Taita kabla hakijawa cha Hollywood.

Filamu yenyewe ni The Ghost and the Darkness ya mwaka 1996. Val Kilmer ni Patterson, mhandisi Mwingereza aliyetumwa kujenga daraja la reli juu ya mto Tsavo. Michael Douglas ni mwindaji. John Kani wa Afrika Kusini ni Samuel, na Om Puri ni Abdullah, msemaji wa vibarua wa Kihindi. Ukipanda basi la Mombasa kutoka Nairobi, mto huo unauvuka kati ya Mtito Andei na Voi, ingawa filamu haikupigwa huko, ilipigwa Afrika Kusini. Hata simba si wale. Simba wa Tsavo wa mwaka 1898 walikuwa madume wasio na manyoya shingoni, wa filamu wana manyoya tele. Wale wa kweli wamejazwa na kuwekwa katika jumba la makumbusho la Field huko Chicago, ambako Patterson aliziuza ngozi zao mwaka 1924 kwa dola 5,000.

Patterson aliandika kitabu kuhusu mkasa huo, na tangu hapo kila anayeusimulia humfanya yeye kuwa steringi. Lakini mle mle kitabuni kuna jambo ambalo mimi naliona kubwa kuliko bunduki yake. Vibarua walimwendea wakamwambia kwamba walitoka India kwa mkataba wa kazi, hawakuja kuwa chakula cha simba wala cha mashetani. Kisha mamia yao wakajilaza juu ya reli mbele ya treni, ikasimama, wakapanda na mizigo yao wakakimbilia Pwani. Kazi ikalala kwa wiki kadhaa. Huo ni mgomo, na ulikuwa wa watu walioona wenzao wakiburutwa kutoka hemani usiku baada ya usiku.

Reli ilianza Mombasa mwaka 1896 ikafika Kisumu mwaka 1901. Ililetewa vibarua zaidi ya 30,000 kutoka India, na karibu 2,500 walikufa, wengi kwa maradhi, si kwa simba. Waliobaki hai wengi walirudi kwao. Mtu akikuambia kwamba kila Mhindi mwenye duka Biashara Street babu yake alitandika reli, mwambie apunguze.

Sasa rudi kwa Abdullah. Nafasi yake katika filamu ni ndogo, na mwandishi hakumpa maneno mengi. Mwigizaji wa kawaida angemfanya mtu wa kuleta fujo ili Patterson aonekane mvumilivu. Om Puri anasimama mbele ya Mzungu kama mtu anayejua hesabu ya maiti. Hajipendekezi, na hasira yake ina adabu. Mimi humwamini yeye kuliko ninavyomwamini steringi.

Labda ni kwa sababu maisha yale hayakuwa mageni kwake. Alizaliwa Ambala, kaskazini mwa India, mwaka 1950. Tarehe haikuandikwa popote. Mama yake alikumbuka tu kwamba ilikuwa siku mbili baada ya sikukuu ya Dussehra, na alipokuwa mtu mzima akaitafuta kwenye kalenda, akachagua Oktoba 18. Baba yake alifanya kazi ya reli. Mzee alipofungwa kwa tuhuma za wizi wa saruji, familia ikakosa makao, na mtoto akapelekwa kufanya kazi kwenye kibanda cha chai akiwa bado na umri wa chekechea. Aliokota pia makaa ya mawe kando ya reli. Yale mashimo usoni ni ya ndui.

Kwa uso ule, Bombay ya miaka ya 1970 haikuwa na haja naye. Ilitaka vijana weupe wanaoimba kwenye bustani. Alisoma katika chuo cha taifa cha maigizo Delhi, ambako mwenzake darasani alikuwa Naseeruddin Shah, kisha akaenda chuo cha filamu Pune. Filamu yake ya kwanza, Ghashiram Kotwal ya mwaka 1976, ilikuwa ya Kimarathi. Bahati yake ni kwamba wakati huo walikuwepo waongozaji kama Shyam Benegal na Govind Nihalani waliotaka filamu za watu wa kawaida, na mtu wa kawaida ana uso wa kawaida.

Katika Aakrosh ya mwaka 1980 yeye ni kibarua anayeshtakiwa kumuua mkewe. Filamu karibu yote hasemi neno. Wakili anamwuliza, hajibu, polisi, hajibu. Unabaki unatazama macho tu, mpaka mwisho anapopiga ukelele ambao sitaueleza hapa. Mwaka 1983 ikaja Ardh Satya, ambamo ni askari polisi mnyofu anayeoza polepole kwa sababu wakubwa wake wamenunuliwa. Mkazi yeyote wa Eastlands ataifuata bila kujua Kihindi. Arohan na Ardh Satya zilimpa tuzo ya taifa ya mwigizaji bora, mara mbili ndani ya muda mfupi, na serikali ikamtunuku Padma Shri mwaka 1990.

Lakini kazi ninayoiona nzito zaidi ni ya televisheni. Satyajit Ray, mwongozaji mkubwa kuliko wote wa India, alimtumia mwaka 1981 katika Sadgati, filamu fupi ya runinga ya taifa kuhusu mtu wa tabaka la chini anayekufa akipasua gogo la kasisi, na hakuna anayetaka kuigusa maiti yake. Kisha mwaka 1988 ikaonyeshwa Tamas, kisa cha kugawanywa kwa India mwaka 1947. Om Puri ni Nathu, mchuna ngozi maskini anayelipwa kuchinja nguruwe bila kuambiwa kwa nini. Kesho yake nguruwe anakutwa kwenye ngazi za msikiti, na mji unawaka. Sisi tuliokuwa nchi hii mwanzoni mwa mwaka 2008 hatuhitaji kufasiriwa jinsi fitina ya mtu mmoja mwenye pesa inavyomtumia maskini mmoja kuchoma mtaa mzima. Mwaka huo huo wa 1988 alisimulia na kuigiza katika Bharat Ek Khoj, mfululizo wa vipindi 53 wa historia ya India.

Huko nje alijulikana kwa nafasi za dakika chache. Katika Gandhi ya mwaka 1982 ndiye anayemrushia mzee mkate na kukiri kwamba ameua mtoto. Ni tukio moja tu, na watu bado wanalikumbuka. Alivuta riksho katika City of Joy ya mwaka 1992. East Is East ya mwaka 1999, ambamo ni Mpakistani mwenye duka la chipsi na samaki Salford anayewatesa wanawe kwa mapenzi yake, ilimfikisha kwenye orodha ya kuwania tuzo ya BAFTA. Uingereza ikampa nishani ya OBE mwaka 2004. Nyumbani aliendelea na vichekesho kama Hera Pheri, vingine vizuri, vingine vya kulipia kodi ya nyumba tu. Sioni aibu yoyote hapo. Mwigizaji ni mtu wa kazi.

Sisi pia tulikuwa na wetu wa aina hiyo. Benson Wanjau, aliyefariki Julai 2015, alikuwa Mkikuyu, lakini kwa miaka mingi Wakenya walimjua kama Mzee Ojwang' Hatari, mzee wa Kijaluo wa Vitimbi. Alivaa lafudhi ya jirani kwa heshima, na jirani hakununa. Muulize kijana wa miaka 20 hapa Kware jina lake halisi, uone.

Om Puri alifariki Mumbai tarehe 6 Januari 2017 akiwa na miaka 66. Mwezi uliofuata waandaaji wa Oscar walimtaja miongoni mwa waliokufa, ingawa hawakuwahi kumpa tuzo. Mwaka uliotangulia, watoto wa India walikuwa wameisikia sauti yake bila kumwona: ndiye aliyekuwa chui Bagheera katika The Jungle Book ya Kihindi.

Kwa fundi wangu wa simu, na kwa yeyote mwenye ukumbi wa video anayesoma haya: anza na Ardh Satya, ina polisi na ngumi, wateja hawatalalamika. Tamas iwekeni Jumapili mchana, inazidi saa nne.