Neno 'set' la Kiingereza: Historia ya Maana Zake na Funzo kwa Mtunga Kamusi

Wako wanaopima utajiri wa lugha kwa wingi wa maana zinazobebwa na maneno yake. Mfano unaotolewa mara kwa mara ni neno 'set' la Kiingereza, ambalo kwa muda mrefu lilisifiwa kuwa na maana nyingi kuliko maneno mengine yote ya lugha hiyo. Kutokana na sifa hiyo wengine huhitimisha kwamba lugha isiyo na neno la namna hiyo ina upungufu. Hoja hii haina budi kupimwa kwa historia ya neno lenyewe.

Chimbuko

Kitenzi 'set' kimetokana na 'settan' cha Kiingereza cha Kale. Hicho kilikuwa umbo la kutendesha la 'sittan', yaani kukaa, kama vile kalisha ilivyo kwa kaa katika Kiswahili. Maana yake ya asili basi ilikuwa kukifanya kitu kikae. Kijerumani nacho kingali na jozi ya jamaa hiyo hiyo, 'sitzen' na 'setzen'. Kutoka kwenye maana hiyo nyingine zilichipuka kwa urahisi: kinachokalishwa hutulia, kinachotulia huwa imara, na kilicho imara huganda.

Baada ya Wanomani kuiteka Uingereza mwaka 1066, maneno mengi ya Kifaransa yaliingia katika Kiingereza. Mojawapo la asili hiyo ni 'sette', lililotokana na 'secta' la Kilatini, yaani kundi la wafuasi. Kutoka hapo likapatikana jina lenye maana ya kundi la watu au la vitu vinavyokwenda pamoja. Kwa kuwa lilifanana kwa sauti na neno la wenyeji, mikondo hiyo miwili ilichanganyika. Msemaji wa leo atajapo 'set' ya sahani hudhani kwamba ni sahani zilizowekwa pamoja. Kumbe sehemu ya kile kiitwacho maana ya neno moja ni urithi wa neno jingine kabisa.

Jambo la tatu ni kulika kwa viambishi. Katika Kiingereza cha Kale kitenzi hicho kilibadilika kwa nafsi na kwa wakati. Viambishi hivyo vilipopotea hatua kwa hatua, umbo 'set' likabaki kutumika kwa wakati uliopo na uliopita, na kwa jina, kitenzi na kivumishi. Maneno madogo yakaja kuziba pengo: 'set up' ni kuanzisha, 'set out' ni kushika safari, 'set aside' ni kutenga. Kazi ambayo Kiswahili huifanya kwa viambishi, kama katika tega, mtego, tegea na tegua, Kiingereza kwa sehemu kubwa huiachia muktadha.

Kamusi na hesabu ya maana

Mpango wa kamusi kubwa ya kihistoria ya Kiingereza ulianzia katika Philological Society ya London mwaka 1857. Sehemu ya kwanza ya kamusi hiyo, iliyokuja kujulikana kama Oxford English Dictionary, ilitolewa mwaka 1884 chini ya uhariri wa James Murray, na kazi ilikamilika mwaka 1928, miaka 13 baada ya kifo chake. Katika toleo la pili la mwaka 1989, kitenzi 'set' kilipewa maana zipatazo 430 katika maelezo ya maneno yapatayo 60,000.

Kamusi ilipoanza kuhaririwa upya, nafasi ya kwanza ilihama. Mwaka 2000 ilishikwa na 'make', mwaka 2007 na 'put', na mwaka 2011 na 'run', ambalo lilipewa maana zaidi ya 600. Ni kweli kwamba mitambo na kompyuta vimeongeza matumizi ya 'run'. Lakini haikubaliki kwamba wasemaji walibuni mamia ya maana katika miaka 22. Kilichobadilika zaidi ni wingi wa ushahidi na jinsi mhariri alivyougawa.

Mbele ya mfasiri

Pale ambapo Kiingereza hutumia 'set', Kiswahili huchagua. Mtego hutegwa, meza huandaliwa, mtihani hutungwa, mfupa uliovunjika huungwa, kito hupachikwa, saruji huganda, siku huwekwa, na jua hutua au huchwa. Kwa kipimo cha wale wanaohesabu maana, Kiswahili kinaonekana maskini hapa. Kwa kipimo cha uwazi, ndicho tajiri.

Hata hivyo haifai kugeuza majivuno upande wa pili. Kiswahili nacho kina piga: watu hupiga hodi, pasi, kura, picha, mbizi na magoti, na mtunga kamusi wa Kiingereza hulazimika kutafuta kitenzi tofauti kwa kila tungo. Katika tungo hizo uzito wa maana huchukuliwa na jina linalofuata, kama vile katika 'set up' unavyochukuliwa kwa sehemu kubwa na neno dogo.

Ukopaji nao unathibitisha jambo hilo. Kiswahili kimechukua seti ya vyombo, seti ya hisabati na seti ya tenisi, matumizi yote ya jina lenye damu ya 'secta'. Upande wa 'settan' haukukopwa sana, kwa sababu kazi zake nyingi zilikuwa tayari na vitenzi vyake.

Hitimisho

Wingi wa maana basi ni kumbukumbu ya historia: mikondo iliyokutana, viambishi vilivyolika na kalamu ya mhariri. Si kipimo cha akili ya wasemaji wala cha thamani ya lugha. Kwa mtunga kamusi ya Kiingereza na Kiswahili funzo ni bayana. Mwanafunzi anayepewa orodha ya visawe vyenye nambari huchukua cha kwanza, naye huandika kwamba jua limewekwa. Kidahizo kama hiki chafaa kipangwe kwa maneno yanayoandamana nacho, yaani nani atendaye na nini kitendwacho, ndipo kila kisawe kionekane mahali pake.