Vinasaba Kubaini Nyamapori Haramu: Ufafanuzi kwa Wananchi wa Tarime na Serengeti

Wilaya za Tarime na Serengeti, mkoani Mara, zinapakana na Hifadhi ya Taifa ya Serengeti. Mtu anapokamatwa na nyama inayodhaniwa kuwa ya nyumbu au pundamilia, Mahakama hutaka kwanza uthibitisho kuwa nyama hiyo ni ya mnyamapori. Ngozi, kichwa au kwato zikiwepo, ofisa wanyamapori huweza kumtambua mnyama kwa macho. Nyama iliyochunwa, kukatwa vipande na kukaushwa haina alama hizo.

Hapo ndipo vinasaba, yaani DNA, hutumika. Maabara husoma sehemu fupi ya vinasaba vilivyomo katika kipande cha nyama na kuilinganisha na kumbukumbu za wanyama wanaojulikana. Utafiti uliochapishwa mwaka 2011 ulichunguza sampuli 95 za aina 20 za wanyama wa Tanzania, wakiwemo jamii ya swala, nyati na mifugo. Tofauti ndani ya aina moja ilikuwa chini ya asilimia 1, na baina ya aina mbalimbali ilikuwa kati ya asilimia 6.3 na 22. Kwa kipimo hicho, nyama ya nyumbu haiwezi kuchanganywa na ya ng'ombe.

Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori Na. 5 ya mwaka 2009 inakataza kumiliki nyara za Serikali bila kibali. Adhabu huzingatia thamani ya nyara, ambayo hutegemea aina ya mnyama, na kifungo kinaweza kufikia miaka 30. Kwa sababu hiyo, kipimo humtia hatiani mhalifu na pia humlinda asiye na hatia, endapo nyama itabainika kuwa ya mfugo.

Hata hivyo, vinasaba hutaja aina ya mnyama tu. Havionyeshi iwapo nyama ilipatikana kihalali. Wanaonunua katika bucha za nyamapori zilizoruhusiwa chini ya kanuni za mwaka 2020 wanapaswa kutunza stakabadhi.

Aidha, nyama huoza, na mara nyingi huteketezwa kwa amri ya Mahakama kabla ya kesi kumalizika. Sampuli hupaswa kuchukuliwa mapema, kufungwa kwa lakiri na kuandikiwa jina la kila anayeipokea, kwani majibu ya maabara hayawezi kuaminika kuliko sampuli yenyewe.