Unataka kusoma masta nje ya nchi? Mambo 6 ya kujua kabla mzazi hajauza ng'ombe

Kwa kijana wa Binza au Bariadi aliyemaliza digrii, masta ya nje ni ndoto kubwa. Wengi wanakosea mwanzoni kabisa: wanachagua nchi kwanza, kozi baadaye, hela mwisho. Huku Simiyu hela hiyo mara nyingi ni pamba ya msimu mzima au ng'ombe wa familia, ukikosea hamuumii wewe peke yako. Soma hapa upange vizuri.

1. Anza na kozi, siyo nchi
Jiulize ukirudi utafanya kazi gani na nani atakuajiri. Mfano umesoma kilimo SUA na unataka kubobea kwenye pamba. Usikimbilie kozi ya "maendeleo ya kimataifa" kwa sababu jina lake ni tamu. Tafuta ya sayansi ya mazao, na uliza kama wanaruhusu kufanyia utafiti nyumbani. TARI Ukiriguru pale Mwanza wanatafiti pamba miaka mingi, hivyo tasnifu yako inaweza kuwa na faida hata kwa mkulima wa kijijini kwenu. Wageningen ya Uholanzi na Göttingen ya Ujerumani zinajulikana kwa kilimo.

2. Piga hesabu yote, siyo ada tu
Vyuo vingi vya umma Ujerumani havitozi ada, hiyo ni kweli. Lakini bila ufadhili, kwenye viza utatakiwa kuonyesha hela ya kujikimu ya mwaka mzima kwenye akaunti maalumu. Kiwango kilichowekwa mwaka 2024 ni euro 11,904, yaani zaidi ya shilingi milioni 30. Pia jimbo la Baden-Württemberg linatoza wanafunzi wasio wa Umoja wa Ulaya euro 1,500 kwa muhula tangu 2017. Kwa hiyo Göttingen na Hohenheim zote ni Ujerumani, zote zinafundisha kilimo, ila gharama siyo moja.

Uingereza masta nyingi ni mwaka mmoja, unamaliza haraka, lakini ada kwa mgeni mara nyingi inazidi pauni 15,000. Na kama una mke au mume, jua kwamba tangu Januari 2024 wanafunzi wengi wa masta za darasani hawaruhusiwi kwenda na familia.

3. Fahamu ufadhili na masharti yake
- Chevening (Uingereza): masta ya mwaka mmoja. Unatakiwa uwe na uzoefu wa kazi wa saa 2,800, kama miaka miwili hivi. Unachagua kozi tatu, na ukimaliza unarudi nyumbani angalau miaka miwili.
- DAAD EPOS (Ujerumani): ni kwa kozi zilizo kwenye orodha yao tu. Wanataka uzoefu wa kazi miaka miwili, na kwa kawaida digrii yako isizidi miaka sita.
- Erasmus Mundus (Ulaya): unasoma kwenye nchi mbili au zaidi ndani ya masta moja. Anayepata ufadhili hupewa euro 1,400 kwa mwezi.
- Fulbright (Marekani) na ufadhili wa serikali ya China nao upo. Kwa China, angalia lugha ya kufundishia. Kozi ikiwa kwa Kichina, unaweza kuanza na mwaka mzima wa kujifunza lugha.

Umeona hapo? Mbili za kwanza zinadai uzoefu wa kazi. Kama umemaliza chuo juzi tu, hata kujitolea kwenye halmashauri au shirika kunaweza kukusaidia, ilimradi upewe barua yenye tarehe na muda uliofanya kazi.

4. Nje siyo lazima upande ndege ya mbali
IIT Madras, chuo kikubwa cha India, kilifungua kampasi Zanzibar mwaka 2023, na kina masta ya sayansi ya data na akili mnemba. Arusha kuna Taasisi ya Nelson Mandela, yenyewe inafundisha shahada za uzamili na uzamivu tu, kwenye sayansi na teknolojia. Kwa mwenye wazazi wazee au watoto wadogo, hili ni la kufikiria kabla ya kulidharau.

5. Hakikisha chuo kinatambulika
Cheti cha nje kisipotambuliwa na TCU, utahangaika kwenye ajira za serikali. Waulize TCU kabla ya kulipa chochote, maana ndio wanaotoa pia barua ya kutokuwa na pingamizi kwa wanaokwenda kusoma nje. Mawakala wa vyuo vya nje nao wanatakiwa kusajiliwa huko. Akikuambia "lipia nafasi ya skolashipu", achana naye. Kuomba Chevening ni bure kabisa, na hakuna mtu wa kukuuzia nafasi.

6. Andaa karatasi mapema
Pasi ya kusafiria ni shilingi 150,000. Cheti cha kuzaliwa, transkripti na barua za wadhamini wawili usisubiri dakika za mwisho, maana mwalimu wako wa chuo naye ana mambo yake. Matokeo ya mtihani wa IELTS yanadumu miaka miwili, usiyafanye mapema mno. Uliza kwanza kama chuo kinakubali barua kwamba digrii yako ilifundishwa kwa Kiingereza. Vyuo vingine vinakubali, unaokoa hela ya mtihani na nauli ya Dar.

Kumbuka pia kalenda. Chevening kwa kawaida hufunguliwa Agosti na kufungwa Oktoba au Novemba, kwa masomo ya Septemba inayofuata. Ukianza leo, hesabu ni ya mwaka kesho.

Mwisho, kaeni kama familia. Mweleze mzee gharama yote kwenye karatasi moja: ada, viza, nauli, chakula na kodi ya chumba. Kama ufadhili haujapatikana, ng'ombe wabaki zizini, omba tena mwakani. Wapo wanaopata kwenye jaribio la pili au la tatu.

Je, wewe unataka kusomea nini? Tuambie, na mtumie ndugu yako anayejiandaa.