Muhuri wa Msanifu Majengo

Juma hili tuzungumze juu ya muhuri ambao msanifu majengo huugonga kwenye mchoro wake na kutia sahihi. Wenye viwanja wengi wanaujua kwa jambo moja tu: unadai fedha. Wengine huona heri wampe kazi kijana mwenye kipaji cha kuchora, mambo yaishe.

Huko Marekani nako ilikuwa hivyo hivyo. Mtu yeyote aliyeweza kushika rula alijiita msanifu. Mwaka 1897 jimbo la Illinois lilikuwa la kwanza nchini humo kutunga sheria ya leseni: ufanye mtihani mbele ya bodi, ndipo ujiite jina hilo. Waliokwisha kuwa kazini walipewa leseni bila mtihani, maana hakuna bunge linalopenda kugombana na wenye kazi zao. Mwaka 1898 bibi mmoja, Marion Mahony, alifaulu na kupata leseni, jambo la ajabu kwa siku zile.

Basi sheria ilikuwapo. Miaka sita baadaye, tarehe 30 Desemba 1903, mjini Chicago, katika jimbo lile lile, ukumbi wa michezo wa Iroquois uliwaka moto. Ulikuwa na umri wa wiki tano tu, na matangazo yalisema hauwezi kuungua. Ilikuwa alasiri, wakati wa likizo, na waliojaa ndani ni akina mama na watoto. Taa ya jukwaani ilitoa cheche, pambo la kitambaa likashika. Pazia la kuzuia moto likateremka nusu, likakwama. Matundu ya paani ya kutolea moshi hayakufunguka. Milango mingine ilifichwa nyuma ya mapazia, mingine ilikuwa na makomeo ambayo watu hawakujua kuyafungua. Waliokufa ni 602.

Mahakamani hakuna aliyepatikana na hatia ya vifo vile. Msanifu wake, Benjamin Marshall, aliendelea kusanifu hoteli kubwa kubwa za mji huo. Mimi hapa ndipo ninapokwama. Mwenye ukumbi ndiye anayemlipa msanifu, naye anataka ukumbi upendeze na ufunguliwe upesi. Mtoto wa kiti cha juu hamlipi msanifu hata senti, lakini mlango ule ni wa kwake. Leseni ina maana gani kama msanifu hawezi kumwambia mwenye mali, "Hapana, sitii sahihi"?

Sisi Tanzania tulipata sheria yetu ya kusajili wasanifu majengo na wakadiriaji majenzi mwaka 1997. Tarehe 29 Machi 2013 ghorofa lililokuwa likijengwa katikati ya Dar es Salaam liliporomoka, likaua watu 36. Baadhi yao walikuwa watoto waliokuwa wakicheza jirani.