Siku Nzima ya Redio: Kilichohifadhiwa Minneapolis na Kilichotupotea Sisi

Katika Chuo Kikuu cha Minnesota, hapa Minneapolis, palikuwa na kituo cha redio ambacho siku yake ilikwisha jua linapotua. Kilipewa leseni tarehe 13 Januari 1922 kwa jina la WLB, na tangu 1945 kikajulikana kama KUOM. Hakikuruhusiwa kutangaza usiku, maana mkondo wake wa 770 ulikuwa wa kituo kikubwa cha New York. Hata huo mchana kiligawana na kituo cha Chuo cha St. Olaf, mjini Northfield. Na mchana wa hapa si wa kwetu: mwezi wa Desemba jua huchwa kiasi cha saa kumi na nusu.

Ndani ya saa hizo chache wenye kituo waliingiza mihadhara, mazungumzo, muziki na michezo ya kuigiza. Mwaka 1938 walianzisha masomo ya redio kwa ajili ya shule za jimbo zima, na mengi yaliigizwa kama mchezo ili mtoto aliyeko darasani avutike. Mwaka 1946, ugonjwa wa polio ulipozuka, maonyesho makubwa ya jimbo yalifutwa na watoto wakazuiwa majumbani. KUOM ikawatungia vipindi vyao, nao wakasikiliza wakiwa ndani.

Familia zetu nyingi zilifika huku baada ya siku hizo kupita. Mwaka 1993 KUOM iligeuzwa kuwa redio ya muziki wa vijana. Hata hivyo twaweza kuijua siku yake ya zamani, kwani chuo kimehifadhi miswada na kanda zake. Mtafiti akitaka kujua watu wa Minnesota waliambiwa nini asubuhi fulani, ana mahali pa kwenda kuuliza.

Je, sisi tutauliza wapi?

Tuanze na kilichosalimika. Siti binti Saad alikwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi sahani za santuri, na sauti yake ingalipo. Imebaki kwa sababu iliuzwa: sahani moja ikiingia nyumba nyingi, haikosi moja kunusurika. Lakini hotuba, mashairi yaliyosomwa studioni, mawaidha na vichekesho havikuuzwa dukani. Vilipita hewani mara moja, na wazee wakavihifadhi vifuani mwao.

Sauti ya Unguja ilianza mwaka 1951, na studio zake zikawa Raha Leo. Wakati huohuo sauti nyingine ziliingia kutoka nje. Idhaa ya Kiarabu ya BBC ilikuwapo tangu 1938. Kutoka Cairo, usiku wa Alhamisi ya kwanza ya mwezi, Umm Kulthum aliimba na ulimwengu wa Kiarabu ukanyamaza kumsikiliza. Mwaka 1954 Cairo ikaanza kutangaza kwa Kiswahili, na miongoni mwa watangazaji wake alikuwa Ahmed Rashad Ali, mwana wa Unguja. BBC nayo ikafungua idhaa ya Kiswahili tarehe 27 Juni 1957. Mwaka mmoja kabla yake, Burton Paulu, aliyeiongoza KUOM kwa miaka mingi, alikuwa ametoa kitabu kizima juu ya utangazaji wa Uingereza. Mtu wa Minneapolis aliona redio ni jambo la kuandikiwa historia wakati wazee wetu wangali wanaizoea.

Yaliyoupata urithi wa Cairo yanatufunza. Maneno yale ya kupinga ukoloni tunayajua kwa sehemu kubwa kwa sababu Waingereza waliyasikiliza, wakayafasiri na kuyaweka kwenye mafaili. Aliyeyaogopa ndiye aliyeyatunza, nayo yakabaki kwa Kiingereza. Kiswahili chenyewe, pamoja na lafudhi na mizaha yake, ni adimu kukipata.

Kisha ikaja tarehe 12 Januari 1964. Redio ileile iliyowaburudisha watu kwa taarabu ndiyo iliyotangaza mapinduzi. Katika familia zetu nyingi sauti ya John Okello inakumbukwa kuliko kipindi chochote kilichotangulia. Hatuwalaumu wazee kwa hilo. Khofu hukaa moyoni kuliko furaha. Lakini historia yenye siku ile peke yake imepungukiwa. Zilikuwapo siku elfu kadhaa kabla yake, za watu kucheka, kujifunza na kubishana juu ya shairi.

Hapa Minneapolis tumeshuhudia pia namna nyingine ya redio. Kituo cha KFAI kilianza mwaka 1978 kwa nguvu ya wati 10 tu, kikitangazia katika Kanisa la Walker. Baadaye kilitoa nafasi kwa Kisomali, Kioromo, Kiamhara, Kihmong na lugha nyingine za wageni. Mwaka 2012 radi ililipiga kanisa lile, likateketea. Redio ilikuwa imekwishahama zamani. Jengo huondoka, na chombo kikibaki lazima awepo wa kukitunza.

Ndiyo maana tunawaomba wasomaji wetu jambo jepesi. Ndani ya masanduku mliyovuka nayo bahari kuna kaseti: harusi, mawaidha, kipindi kilichonaswa redioni na baba jioni moja. Msizijaribu kwenye mashine mbovu, maana mkanda mkuukuu hukatika. Zipelekeni zikanakiliwe. Kisha mketini na bibi au babu wasikilize, mwandike nani anasema, wapi na mwaka gani. Kunakili kanda hata mjukuu ataweza. Kumtambua msemaji kwa sauti yake wanaweza wachache tu, na kila mwaka wanapungua.