Tuliicheka Alcoblow, Tukamsahau Aliyegongwa

Wasee, turudi 2017 kidogo. Nilikuwa darasa la nane, ndani ya mathree, redio ikatangaza kwamba Mahakama ya Rufaa imeangusha kanuni za Alcoblow. Gari zima likashangilia. Konda akapiga bodi mangumi. Mimi pia nikapiga makofi, na hata bia sikuwa nimeonja.

Leo nataka tuongee historia ya hicho kifaa, kwa sababu wengi wetu tunajua nusu tu. Nusu ya dereva.

Kabla ya Alcoblow, polisi walikuwa na kifungu cha 44 cha Sheria ya Trafiki. Kifungu hicho hakisemi ukinywa chupa ngapi una kosa. Kinasema uwe umelewa kiasi cha kushindwa kulimudu gari. Sasa hebu fikiria afande kortini: "Alinuka pombe, macho yalikuwa mekundu." Wakili anasimama na kuuliza kama aliyekosa usingizi hana macho mekundu. Kesi inaanza kuyumba kuliko mshtakiwa.

Mwaka wa 2011 serikali ikatunga kanuni za kupima pumzi. Desemba 2013 zikaanza kuuma barabarani. Unakumbuka ule msimu? Nilikuwa na miaka kumi. Wazee wa mtaa walitafuna vitunguu na peremende wakidhani mashine ina pua. Watu wakawa wanatumiana ujumbe usiku kucha: usipite hapa, pitia kule.

Wengine walikimbia, wengine wakatoa kitu kidogo. Lakini waliokishinda kifaa hawakufanya hayo. Walienda kortini, na kati yao alikuwemo mfanyabiashara wa baa. Mahakama Kuu ikawakatalia 2014. Hawakulala, wakakata rufaa, na 2017 wakashinda.

Hapa soma polepole. Mahakama haikusema kuendesha ukiwa chicha ni sawa. Ilisema kanuni zilileta kosa la kupita kipimo, ilhali sheria mama, yaani kile kifungu cha 44, inataka ithibitishwe kwamba ulishindwa kulimudu gari. Kanuni haiwezi kumpiku mamake. Kifungu chenyewe kilibaki na faini yake ya hadi shilingi 100,000, au kifungo cha miaka 2, au vyote viwili. Kifaa nacho kilirudi barabarani baadaye. Ukitaka kujua wakili mzuri anafanya nini, ni hilo: anaona mahali ambapo sentensi mbili za sheria zinagongana, na wewe umeshapita.

Sasa nusu ya pili.

Mwaka wa 2019 cuzo yangu, mtu wa nduthi, aligongwa usiku akirudi nyumbani. Dereva alinuka pombe hadi watu waliomshika walikuwa wanageuza uso. Mguu wa cuzo ulivunjika mara mbili. Baada ya wiki moja dereva akaja wodini na jamaa wa suti, shilingi 40,000 na karatasi moja. Ilikuwa ya Kizungu. Anti akaniambia, "Wewe ndiye msomi, tusomee."

Nikasoma. Nilisoma haraka, kwa sababu bili ya hospitali ilikuwa inapanda kila siku na zile pesa zilikuwa hapo mezani. Kulikuwa na mstari unaosema hatadai chochote tena. Niliuona. Sikuusimamia. Cuzo akatia sahihi akiwa kitandani, na dereva akatuombea Mungu akaenda.

Tulipompata wakili wa kweli ilikuwa 2023. Mama mmoja mpole, ofisi yake iko juu ya duka la dawa. Alisikiliza yote, kisha akatuuliza, "Mlikuwa wapi?" Dai la kuumizwa kwa uzembe wa mtu kwa kawaida lina miaka 3. Ilikuwa imeisha, na sahihi yetu ilikuwa imemaliza kilichobaki. Na gari lile lilikuwa na bima, kwa sababu bima ya kulipa watu wengine unaowaumiza ni lazima Kenya. Ukipata hukumu, bima inaweza kulipa hadi shilingi milioni 3. Sisi tulichukua 40,000.

Hii tabia ya wakili kuwa kitu cha wenye nacho ni ya kitambo. Enzi za ukoloni, mawakili hapa walikuwa Wazungu na Wahindi. Miaka ya 1950 ndipo Argwings-Kodhek akaanza kazi, anayetajwa kuwa wakili wa kwanza Mwafrika Kenya. Akawatetea washukiwa wa Mau Mau ambao wengi hawakutaka hata kuonekana nao. Alifariki 1969 barabarani, Nairobi. Serikali ilisema ni ajali, wengi hawakuamini. Barabara hiyo leo ina jina lake, na tunapita hapo tukienda kunywa bila kumkumbuka.

Sitaki ufikirie nawachukia madereva walioshtakiwa. Kifungu cha 50 cha Katiba kinampa kila mshtakiwa haki ya kuchagua wakili, hata mlevi. Tena usikiri kosa kwa sababu tu unataka kwenda nyumbani. Ninachosema ni kwamba aliyegongwa naye anamhitaji, na mapema zaidi.

Na usichukue yeyote mwenye suti. Oktoba 2023 nchi nzima ilikuwa inaongea kuhusu jamaa aliyedaiwa kujifanya wakili. Tafuta jina lake kwenye mtandao wa Chama cha Mawakili uone kama ana cheti cha mwaka huu. Akikuambia "usilipe kitu, tukishinda nachukua nusu", jua sheria ya mawakili haitambui makubaliano ya kulipwa ukishinda tu. Uliza ada mwanzoni, iandikwe. Wa karibu ni poa, kwa sababu anaijua korti yenu na utamfikia bila nauli ya kukuua. Mpelekee namba ya OB, fomu ya P3, risiti za hospitali na picha.

Cuzo siku hizi anauza vocha. Baridi ikiingia, mguu unamuuma na anachechemea. Hajawahi kunilaumu kwa ile karatasi. Ningependa anilaumu hata mara moja, bana.

Kama nyumbani kwenu kuna karatasi inangoja sahihi, usiiguse leo. Na kama ajali haijafika miaka 3, kesho asubuhi nenda umwone wakili.